Maumivu ya Kiwiko Yanayotokana na Kazi za Mikono: Mwongozo Kamili wa Kuyatambua na Kuyatibu

Mtu mwenye tatizo hili kwa kawaida hulitambua kwa jambo dogo. Ananyanyua birika la chai, anakamua tambara la kudekia au anafungua mfuniko wa chupa, na maumivu makali yanamchoma upande wa nje wa kiwiko, kisha yanashuka kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kuelekea kiganjani. Hakuanguka wala hakugongwa, na akitazama kiwiko haoni uvimbe wowote wa maana. Akiulizwa kazi yake, hujibu kwamba ni seremala, fundi wa lipu, mpaka rangi, mama lishe, msusi, mfuaji wa nguo, au karani anayeshinda ameshika kipanya cha kompyuta.

Madaktari huyaita maumivu haya kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kucheza mchezo huo. Huwapata watu wazima kati ya 1 na 3 katika kila 100, hasa wenye umri wa kati ya miaka 35 na 55, na mara nyingi katika mkono wanaoutegemea zaidi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuhakikisha kwamba tatizo ni hilo, na jinsi ya kulitibu kwa mtu ambaye hana uwezo wa kuacha kazi miezi sita. Msimamo wake ni huu: kano (ukamba unaounganisha msuli na mfupa) iliyochakaa haiponi kwa kupumzishwa kabisa, wala kwa kuchomwa sindano na kurudishwa kazini kesho yake. Hupona kwa kupunguziwa mzigo kwanza, kisha kuongezewa kwa kipimo mpaka izoee tena.

Kinachouma ni nini hasa

Ukipapasa upande wa nje wa kiwiko utakutana na nundu ya mfupa. Hapo ndipo hujishikiza kano ya pamoja ya misuli inayokunja kifundo cha mkono kwa nyuma na kunyoosha vidole. Huenda ukajiuliza kwa nini kushika kitu kuumize kiwiko ilhali kushika ni kazi ya vidole. Sababu ni kwamba kila unapofumba kiganja kwa nguvu, misuli ya nyuma ya kigasha hulazimika kukaza ili kifundo kisijikunje kwa ndani. Bila hiyo, mshiko wako ungekuwa dhaifu kabisa. Kwa hiyo anayesonga ugali hatumii kano hiyo anapozungusha mwiko tu, bali kwa muda wote anaoushikilia, na anayebeba ndoo ya lita 20 huitumia kuanzia kisimani mpaka mlangoni.

Zamani ilidhaniwa kwamba kano hiyo imevimba na kuwaka, lakini wataalamu walipochunguza kwa hadubini vipande vilivyotolewa wakati wa upasuaji, waliona hasa nyuzi zilizovurugika na mishipa midogo ya damu iliyoota ovyo, si dalili za mwako. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika matibabu, kwa sababu dawa za kupunguza mwako zinaweza kutuliza maumivu lakini haziwezi kupanga upya nyuzi za kano. Kinachozipanga ni kazi ya kuvutwa polepole, mara kwa mara, kwa nguvu ambayo kano inaimudu. Kano pia hupata damu kidogo kuliko msuli, na ndiyo maana uponyaji wake huhesabiwa kwa miezi.

Mara nyingi tatizo huanza baada ya mzigo kubadilika ghafla: mtu wa ofisini anaamua kupaka rangi nyumba nzima mwishoni mwa juma, mkulima anarudi kwenye jembe baada ya kiangazi, mama lishe anapata tenda ya harusi, au fundi anahamia kwenye mbao ngumu akiwa na msumeno butu. Uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kuugua, na kisukari huchelewesha kupona. Ipo pia dawa moja ambayo ni lazima itajwe, kwa kuwa huku kwetu hununuliwa kirahisi mno: siprofloksasini na ndugu zake wa kundi lile lile la viuavijasumu zinajulikana kudhuru kano. Ikiwa maumivu yalianza wakati unazitumia au wiki chache baadaye, mweleze daktari.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo ni hili

Keti, weka kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kisha bonyeza kwa kidole gumba ile nundu ya upande wa nje na sehemu iliyo chini yake kidogo. Ikiwa kuna mahali panapouma waziwazi, endelea na majaribio mawili. Nyoosha mkono mbele, funga ngumi, inua kifundo kwa nyuma, na umwombe mtu akisukume chini huku wewe ukipinga. Kisha ufungue mkono na uinue kidole cha kati peke yake huku mwenzako akikikandamiza. Maumivu yakichomoza pale pale kwenye nundu, uwezekano ni mkubwa kwamba unaugua kiwiko cha tenisi. Jaribio jingine ni kunyanyua kiti chepesi kwa kukishika mgongo wake, kiganja kikitazama chini na kiwiko kikiwa kimenyooka. Wenye tatizo hili hushindwa au hukiacha haraka.

Maumivu yakiwa upande wa ndani wa kiwiko, na kuongezeka unapokunja kifundo kuelekea kiganjani, basi iliyochakaa ni kano ya upande wa pili. Matibabu yake yanafuata utaratibu ule ule, isipokuwa mazoezi hufanywa kiganja kikitazama juu. Ganzi au vijisindano katika kidole kidogo na cha pete ni habari nyingine: hiyo ni dalili ya mshipa wa fahamu unaobanwa nyuma ya kiwiko, na mazoezi yaliyomo humu hayatautibu. Maumivu yanayoanzia shingoni na kupita begani, hasa yakibadilika unapogeuza kichwa, huenda yanatoka kwenye uti wa mgongo.

Usijitibu nyumbani bali nenda kituo cha afya mapema ikiwa kiwiko kimevimba, kina joto na una homa. Ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka na huwezi kunyoosha mkono. Ikiwa mkono unapoteza nguvu au hisia. Ikiwa viungo kadhaa vinauma na kukakamaa asubuhi. Ikiwa maumivu hukuamsha usiku bila kujali umelalaje. Au ikiwa mgonjwa ni mtoto. Mwenye seli mundu asidhani kwamba maumivu mapya ya kiwiko ni ya kazi tu, kwa sababu mifupa yake hushambuliwa kirahisi na vijidudu. Na maumivu ya mkono yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi ni dharura ya moyo, si ya kiwiko.

Kwa tatizo la kawaida, picha ya eksirei si ya lazima, kwani daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hulitambua kwa kukuuliza na kukupima kwa mikono yake. Ikiwa fedha ni chache, ni heri uzitumie kwa mtaalamu wa fiziotherapia kuliko kwa picha ambayo mara nyingi haitaonyesha chochote.

Hatua ya pili: punguza mzigo bila kuacha kazi

Ushauri wa kupumzika tu haumfai mtu anayekula kutokana na mikono yake, na kusema kweli hata kitabibu si ushauri mzuri, kwa kuwa kano isiyotumika kabisa hudhoofika zaidi na kuuma upya siku ya kwanza ya kurudi kazini. Kinachotakiwa ni kuitazama siku yako yote na kuchagua matendo mawili au matatu yanayouma kuliko mengine, kisha kuyabadilisha hayo.

Badiliko lenye faida kubwa kuliko yote ni la namna ya kunyanyua. Nyanyua vitu viganja vikitazama juu au vikitazamana, viwiko vikiwa vimekunjwa na kukaa karibu na mbavu. Sufuria shika kwa mikono miwili kutoka chini, ukitumia vitambaa. Badala ya ndoo moja ya lita 20, beba ndogo mbili zilizogawanywa kati ya mikono, au ujitwishe kichwani ikiwa umezoea na shingo yako ni nzima. Mpini mwembamba hukulazimisha kukaza vidole kupita kiasi. Uzungushie kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka unene wake uenee vizuri kiganjani, kisha ujizoeze kuushika kwa nguvu inayotosha kazi tu. Noa msumeno, randa na kisu, maana chombo butu humdai mtumiaji nguvu ambayo kano ndiyo inayoilipa.

Jikoni, kusonga ugali kwa sufuria kubwa kunastahili kufikiriwa upya. Sufuria iwe chini kiasi kwamba kiwiko kimekunjwa na nguvu inatoka begani na kiunoni, mwiko uwe mrefu, na ushikwe kwa mikono miwili huku mtu au kizuizi kikiishika sufuria isizunguke. Nguo usizikamue kwa kuzipinda mbele ya kifua. Zungushia nguo kwenye bomba au nguzo, ushike ncha zote mbili, kisha urudi nyuma kwa uzito wa mwili. Nguo nzito kama jinzi na mablanketi ziache zichuruzike zenyewe. Fundi wa skrubu nyingi atumie drili pale anapoweza, kwa sababu kuzungusha bisibisi ni kati ya matendo yanayoichosha kano hii upesi. Msusi na fundi cherehani hawawezi kubadilisha mengi katika ushikaji wao, na kwao ni bora kupanga kazi ili wateja wawili wa misuko midogo wasifuatane.

Kwa wa ofisini, tatizo kwa kawaida ni kipanya kilichowekwa mbali. Kilete karibu na kibao cha herufi ili kiwiko kibaki ubavuni, kigasha kikiegemea meza, na kifundo kisiinuke.

Hatua ya tatu: tuliza maumivu

Lengo hapa ni kupata nafuu ya kutosha kulala na kuanza mazoezi, wala si kuyanyamazisha maumivu kiasi cha kurudi kazini kwa nguvu zote. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15, huwasaidia baadhi ya watu. Wengine hupendelea joto. Hakuna ubaya kuchagua kinachokufaa. Jeli ya diklofenaki ikipakwa mara 3 au 4 kwa siku kwa wiki mbili huingiza mwilini dawa kidogo sana kuliko kidonge, na kwa hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Parasetamoli kwa mtu mzima haipaswi kuzidi vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki vitumike kwa siku chache tu, baada ya kula, na viepukwe na wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wajawazito.

Mkanda wa kiwiko huvaliwa kwenye kigasha, upana wa vidole viwili chini ya nundu inayouma, na haufungwi juu ya nundu yenyewe kama wengi wafanyavyo. Kaza kiasi cha kuhisi unabana msuli unapofunga ngumi, vidole visife ganzi, na uuvue unapolala. Vaa wakati wa kazi tu.

Kuchuliwa misuli ya kigasha kwa mafuta kunaburudisha na hakudhuru, mradi mchuaji asigandamize nundu ya mfupa kwa nguvu kwa imani kwamba anavunja kitu kilichoganda. Kuchanjwa chale juu ya kiwiko hakuifikii kano, ila hufungua njia ya vijidudu kuingia.

Hatua ya nne: irudishie kano nguvu zake

Hii ndiyo tiba yenyewe, na inahitaji takriban wiki 12 za uvumilivu. Kanuni moja inaongoza mazoezi yote. Yapime maumivu kwa alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi yanaweza kufika 3 au 4 bila madhara, lakini kesho yake asubuhi yanapaswa kuwa yamerudi pale yalipokuwa kabla hujaanza. Yakibaki juu, mzigo ulikuwa mkubwa, upunguze. Yasipopanda hata kidogo kwa siku kadhaa, mzigo ni mdogo mno, uongeze. Watu wengi hushindwa hapa kwa kuogopa kila maumivu, na wengine kwa kuyapuuza yote.

Wiki mbili za mwanzo, fanya zoezi la kukaza bila kusogeza. Laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, kifundo kikiwa kimenyooka. Weka mkono wa pili juu ya mgongo wa kiganja na uukandamize, huku mkono unaouma ukipinga bila kusogea. Shikilia kwa sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara 5. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Baadhi ya watu huona maumivu yakipungua papo hapo, jambo linalowasaidia kufanya zoezi hili kabla ya kuanza kazi.

Ukiweza kumaliza raundi hizo ukiwa chini ya alama 3, ingia kwenye zoezi la kuinua na kushusha. Kaa vile vile, safari hii ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ikijaa ina uzito wa karibu nusu kilo. Inua kifundo kwa sekunde 3, kisha ushushe kwa sekunde 4 bila kuacha chupa ianguke yenyewe; kushusha huko polepole ni sehemu muhimu ya kuijenga kano. Ikiwa kuinua kunauma kupita kiasi, inua kwa msaada wa mkono wa pili na ushushe kwa mkono mmoja. Anza na mara 10, raundi 3, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Ukifikisha mara 15 katika kila raundi bila shida, hamia chupa ya lita moja, kisha ya lita moja na nusu, na baadaye mfuko wa kitambaa wenye mchanga. Seremala au mwashi asitosheke na kilo moja, kwa kuwa kazi yake humdai zaidi ya hapo; anayefanya kazi ya mezani anaweza kuishia hapo.

Kuanzia wiki ya tano au ya sita, ongeza zoezi la nyundo. Ishike mwisho wa mpini, kigasha kikiwa mezani, kisha uigeuze polepole kutoka upande wa kidole gumba mpaka kiganja kitazame juu, na urudi mpaka kitazame chini. Ukiona ni nzito, shika karibu na kichwa cha nyundo. Lingine ni la taulo: likunje liwe kama gogo fupi, lishike kwa mikono miwili, ulipinde kama unayelikamua kwa kifundo cha mkono usiouma, kisha uliachie taratibu kwa kifundo cha mkono unaouma. Usisahau bega. Mtu ambaye bega lake limedhoofika hulipa kwa kiwiko, na hivyo kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10 hadi 15, raundi 3, kunafaa kuingia katika ratiba.

Kunyoosha misuli ya kigasha kwa kuvuta vidole chini, kiwiko kikiwa kimenyooka, kunapunguza ukakamavu, lakini usikufanye kwa nguvu katika wiki za mwanzo.

Kuhusu sindano na upasuaji

Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza mwako, inayochomwa kwenye kiwiko huvutia kwa sababu inafanya kazi haraka. Maumivu hupungua ndani ya siku chache na nafuu hudumu kwa wiki kadhaa. Ugumu huja baadaye. Utafiti uliofanyika Brisbane, Australia, kwa wagonjwa 165, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 83 ya waliochomwa steroidi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa, ilhali kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 96. Maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya kundi la kwanza, na asilimia 12 tu ya kundi la pili. Sindano hiyo inaweza pia kuacha baka jeupe na ngozi nyembamba mahali ilipochomwa, na humpandishia sukari mwenye kisukari kwa siku kadhaa. Kwa maoni yangu, mtu anayeishi kwa mikono yake ana sababu zaidi ya kuikataa kuliko mwingine yeyote, kwa sababu nafuu ya haraka humrudisha kwenye mzigo ule ule kabla kano haijawa tayari.

Sindano ya damu ya mgonjwa mwenyewe iliyochujwa hutolewa katika baadhi ya hospitali kubwa kwa gharama kubwa, na tafiti hazijaafikiana kuhusu faida yake. Upasuaji ni kwa wachache ambao baada ya miezi 6 hadi 12 ya mazoezi yaliyofuatwa kwa uaminifu bado hawajapata nafuu. Kabla ya kuukubali, hakikisha kwamba mazoezi hayo kweli yalifikia mzigo mzito, kwa sababu wengi wanaosema yameshindwa waliishia kwenye chupa ya nusu lita.

Kurudi kwenye kazi nzito

Wengi wa wagonjwa hupona ndani ya mwaka mmoja, lakini njia yenyewe hupanda na kushuka. Rudisha kazi nzito kwa vipande: wiki ya kwanza nusu ya muda wa kawaida, wiki inayofuata robo tatu, ukibadilisha kazi kila dakika 30 au 40, na usiongeze muda na uzito kwa wiki moja. Aliyeajiriwa na kuona kwamba kazi ndiyo iliyomuumiza amweleze mwajiri kwa maandishi mapema na atunze nakala pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na Kenya ina sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya walioumia kazini, na dai lisilo na kumbukumbu ni gumu kulithibitisha.

Maumivu yakirudi baada ya siku ya kazi nyingi, usihesabu kwamba umerudi mwanzo. Vaa mkanda, shuka kwenye zoezi la kukaza bila kusogeza kwa siku tatu au nne, kisha uendelee na uzito uliokuwa ukiutumia wiki moja kabla. Hata baada ya kupona, endelea na zoezi la kuinua na kushusha mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu zaidi, na ulianze wiki kadhaa kabla ya msimu wa kulima au tenda kubwa unayoijua tarehe yake.